Saketi ya Kuchapwa: Uvumbuzi au Kazi ya Kawaida ya Fundi?

Hataza haitolewi kwa sababu tu mtu amekuwa wa kwanza kufanya jambo. Njia mpya ya kutengeneza kitu hunyimwa ulinzi ikiwa fundi wa kawaida wa kazi hiyo angeifikia mwenyewe bila kuumiza kichwa. Mpaka huo si rahisi kuuchora, na kesi za bodi za saketi ziliwagawa majaji wa nchi mbili.

Mwaka 1943 Paul Eisler, mhandisi mzaliwa wa Vienna aliyekimbilia Uingereza, aliomba hataza ya kuchapa saketi. Enzi hizo redio ilijaa nyaya zilizolehemiwa kwa mkono, mmoja mmoja. Eisler alichukua shaba nyembamba kama karatasi, iliyogandishwa kwenye ubao usiopitisha umeme. Juu yake ulichapwa mchoro wa saketi kwa wino usioliwa na asidi. Ubao ulipotiwa kwenye asidi, shaba iliyokuwa wazi ililika, na iliyofunikwa na wino ikabaki kuwa njia za umeme.

Ukiitazama hatua mojamoja, huoni jipya. Wachongaji wa picha walikuwa wameilisha metali asidi kwa karne nyingi, na huko Marekani hataza ya Baynes ya mwaka 1888 ilikwisha kueleza kazi ya namna hiyo. Ilikuwa miongoni mwa vielelezo vilivyomponza Eisler: mwaka 1963 mahakama ya shirikisho ya Maryland ilizibatilisha hataza zake za Marekani, na mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikakubaliana nayo.

London iliona vingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika kesi kati ya Technograph, kampuni iliyomiliki hataza ya Eisler ya Uingereza, na Mills & Rockley, majaji wa House of Lords waliiacha hataza isimame. Lord Reid alimweleza fundi wa kupimia: anaijua karakana, amesoma nyaraka zote zinazohusika, ila hana hata chembe ya ubunifu. Vipande vya nyaraka mbalimbali vinaweza kuunganishwa dhidi ya mvumbuzi pale tu ambapo mtu mzito kiasi hicho angeviunganisha. Naye Lord Diplock hakushawishika na mtindo wa mawakili wa kumsogeza shahidi hatua kwa hatua hadi kwenye jibu, kwa kuwa njia ya kufika huonekana nyepesi baada ya mwingine kufika.

Hoja hiyo ni nzito kuliko kisa kinachopendwa kusimuliwa, kwamba kampuni moja ya redio ilimkataa Eisler kwa sababu wasichana wa kulehemu walilipwa kidogo. Kukataliwa huko kunaeleza zaidi habari za ujira. Hakuonyeshi kwamba wataalamu walishindwa kuiona njia yenyewe.

Marekani nayo haikumfuata fundi wa Lord Reid. Mwaka 2007, katika kesi ya KSR kuhusu pedali ya gari, Mahakama Kuu ilitamka kwamba fundi wa kawaida ana ubunifu wa kawaida na si mashine. Mvumbuzi anayeomba hataza huko hupimwa kwa fundi mwerevu kuliko yule wa London.