Mabati yakifika uwanjani, mmechelewa

Wewe uliyekulia mtaani, unaukumbuka uwanja wenu? Ule wa vumbi, magoli ya mawe, mechi inaisha tu giza likiingia. Sasa jiulize: ule uwanja ni wa nani?

Sisi wetu tulidhani ni wetu. Jumamosi moja tukafika na mpira, tukapata umezungushwa mabati na soja amesimama mlangoni. Tulipiga kelele wiki nzima, lakini hakuna aliyekuwa na hata karatasi moja ya kuonyesha pale palitengwa kwa ajili ya umma. Leo kuna fleti, na watoto wanacheza barabarani wakikwepa bodaboda.

Hapo ndipo nilijua uwanja huliwa kwanza kwenye makaratasi. Mabati huja baadaye.

Wengi wetu tunaijua kanjo kwa kufukuza wachuuzi tu. Kumbe ina kazi nyingine. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la kupanga matumizi ya ardhi na kutunza bustani na maeneo ya burudani. Kifungu cha 62 nacho kinasema kaunti inashikilia sehemu ya ardhi ya umma kwa niaba ya wakazi. Yaani gavana si mwenye uwanja. Amewekewa funguo tu, na wenyewe ni sisi.

Na usiniambie ati haiwezekani. Mwaka 1989, Wangari Maathai aliposikia jengo la ghorofa 60 linataka kusimamishwa Uhuru Park, alianza kwa kuandika barua. Alitukanwa hadi bungeni, lakini jengo halikujengwa. Januari 2015, wanafunzi wa Lang'ata Road Primary waliangusha ukuta uliozingira uwanja wao wakapigwa vitoa machozi. Nchi nzima iliona aibu, na uwanja ukarudi.

Lakini kwa nini tungoje mtoto alie moshi ndipo ofisi iamke?

Kwa hivyo, fanya hivi. Nenda ofisi ya mipango ya kaunti yenu, uliza ramani ya mtaa, uone uwanja umeandikwa nini. Ukiona tangazo la kubadilisha matumizi ya ardhi, lipige picha, kisha mwandike pingamizi kabla muda haujaisha. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakupa haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa maandishi. Na mwakilishi wa wadi akija kuomba kura, muulize: hatimiliki ya uwanja iko wapi, na ina jina la nani?

Mimi chuo sikumaliza, na wakili si mimi. Lakini barua haihitaji digrii. Kama uwanja wenu bado upo, nyinyi mna bahati ambayo sisi hatukuwa nayo. Jumamosi hii kabla ya mechi, chagueni watu watatu wa kwenda kuuliza karatasi Jumatatu asubuhi.