Likizo kwa bibi na babu: nyumbani kwa mzazi, ugenini kwa mtoto

Kila ifikapo mwishoni mwa mwezi Julai, shule za England zinapofungwa kwa likizo ya kiangazi, familia nyingi zenye asili ya Afrika Mashariki hufunga safari kwenda kuwaona wazee. Hali huwa ni hiyo hiyo kwa wenzao wanaoishi Muscat, Dubai au miji ya Marekani. Masanduku hujazwa nguo za zawadi, na watoto huahidiwa madafu, bahari na hadithi za bibi.

Kwa baba au mama, safari hiyo ni ya kurejea nyumbani. Kwa mtoto aliyezaliwa ughaibuni, ni safari ya kwenda katika nchi ambayo mwili wake haujaizoea, na ambayo lugha yake pengine haisemi kwa ufasaha. Tofauti hiyo baina ya mzazi na mwanawe husahauliwa mara nyingi wakati wa maandalizi, nayo inaweza kugharimu maisha.

Kinga iliyopotea

Kwa miaka mingi wataalamu wa afya nchini Uingereza wamekuwa wakieleza kwamba wengi wa wagonjwa wa malaria wanaogunduliwa nchini humo ni watu waliokwenda Afrika kuwatembelea jamaa zao. Watalii waliokwenda kutazama wanyama mbugani ni wachache miongoni mwao. Mwaka 2023 wagonjwa 2,004 walithibitishwa England, Wales na Ireland ya Kaskazini baada ya kusafiri nchi za nje, ikilinganishwa na 1,369 mwaka uliotangulia.

Kwa nini iwe hivyo? Mtalii hujijua kuwa ni mgeni, kwa hiyo humeza vidonge na kulala ndani ya chandarua. Mzazi aliyekulia Tanga au Kisumu hujihesabu kuwa mwenyeji. Anakumbuka kwamba utotoni aliugua malaria mara kadhaa na akapona, na haoni sababu ya kuhofu.

Kinga aliyokuwa nayo ilijengeka kwa kuambukizwa mara kwa mara, na haikuwa kamili hata wakati huo. Mtu akiishi mbali na mbu wenye vimelea, kinga hiyo hupungua. Mtoto wake hakuirithi. Mtoto aliyekulia Muscat hana ulinzi zaidi ya yule wa London, na wote wawili wamo hatarini kuliko binamu zao wanaoishi huko huko, ingawa watacheza pamoja uani na kulala chumba kimoja.

Dawa nazo zimebadilika. Klorokwini, ambayo wazazi wengi waliinywa utotoni na kuukumbuka uchungu wake, haitegemewi tena Afrika Mashariki kwa sababu vimelea vimekuwa sugu. Tanzania Bara iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya kutibu malaria mwaka 2001, na baadaye ikaingia katika dawa mseto.

Kwa kujikinga, daktari anaweza kuagiza vidonge vyenye mchanganyiko wa atovakwoni na proguanili. Hivi huanzwa siku moja au mbili kabla ya safari, humezwa kila siku, na kuendelea kwa siku 7 baada ya kurudi. Meflokwini humezwa mara moja kwa wiki, huanzwa wiki mbili au tatu kabla ya kuondoka, na kuendelea kwa wiki 4 baada ya kurejea. Doksisaiklini, ambayo watu wazima wengi hupewa, nchini Uingereza haitolewi kwa watoto walio chini ya miaka 12. Kiasi cha dawa ya mtoto hupimwa kwa uzito wake, hivyo si jambo la busara kumkatia kipande cha kidonge cha mtu mzima bila ushauri. Ni vyema kumwona daktari au mfamasia angalau wiki 6 kabla ya safari.

Hatari hailingani kila mahali. Zanzibar imepunguza malaria kwa kiwango kikubwa tangu katikati ya miaka ya 2000, kwa kutumia dawa mseto, vyandarua na kupuliza dawa majumbani, na jijini Nairobi hatari ni ndogo. Lakini familia iliyofikia Unguja mara nyingi huvuka kwenda kumsalimu shangazi Tanga, na iliyofikia Nairobi huenda hadi Kisumu au Kilifi. Daktari aelezwe safari yote.

Karatasi za safari

Katika familia nyingi za pwani, mke hachukui jina la mumewe. Hubaki na jina la baba yake. Desturi hiyo ina heshima yake, lakini katika viwanja vya ndege huzua maswali, kwa kuwa jina la mwisho la mama si lile lililo katika pasipoti ya mwanawe. Mama anayesafiri na watoto peke yake achukue vyeti vya kuzaliwa, pamoja na barua ya baba yao inayoeleza kwamba ameridhia safari hiyo. Baba anayesafiri peke yake na watoto afanye vivyo hivyo.

Jambo la pili ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Tanzania hukidai kwa msafiri anayetoka katika nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya imo katika orodha hiyo. Familia itakayokaa wiki moja Mombasa kisha ikavuka mpaka kwenda Tanga inaweza kuulizwa cheti. Chanjo kwa kawaida hutolewa kuanzia umri wa miezi 9, na cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Tangu Julai 2016 cheti hicho hakina ukomo, kwa hiyo cha zamani kisitupwe.

Aidha, tangu Januari 2024 Kenya imeacha utaratibu wa viza na badala yake kuna kibali cha kielektroniki. Mtoto mwenye pasipoti ya Uingereza au Marekani anahitaji kibali chake mwenyewe, hata akiwa mchanga. Zanzibar nayo, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, inawataka wageni kutoka nje ya nchi kukata bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, ambayo kwa mtu mzima ilipangwa kuwa dola 44.

Wako wanaofikiria kumtoa mtoto shuleni mapema ili kukwepa nauli kubwa za Julai na Agosti. Nchini England, tangu Agosti 2024, faini ya kumkosesha mtoto masomo bila ruhusa ni pauni 80 kwa kila mzazi na kwa kila mtoto ikilipwa ndani ya siku 21, na baada ya hapo hufikia pauni 160. Miezi hiyo ya kiangazi, hata hivyo, ina faida yake: pwani ni kipupwe, upepo wa kusi unavuma, na joto ni la wastani. Likizo ya Pasaka huangukia katika mvua za masika, na Desemba huwa na jua kali.

Heshima ya wazee na chandarua cha mtoto

Ugumu mkubwa huanza baada ya kufika. Bibi ametandika kitanda, amechota maji, amepika. Mgeni anapotoa chandarua chake na kuuliza kama maji yamechemshwa, bibi anaweza kuona kwamba nyumba yake imedharauliwa. Mara nyingi lawama humwangukia mkwe, aonekane kuwa ndiye mwenye majivuno.

Kwa sababu hiyo, mazungumzo yafanyike mapema kwa simu, na msemaji awe mtoto wao wa kuzaa, si mkwe. Wazee wakielezwa kwamba mjukuu hana kinga waliyokuwa nayo watoto waliowalea wao, wengi huelewa, na bibi mwenyewe huwa mlinzi wa kwanza wa kuhakikisha chandarua kimechomekwa. Mbu anayeeneza malaria huuma tangu magharibi hadi alfajiri, saa zile zile ambazo watoto huketi barazani kusikiliza hadithi. Nguo za mikono mirefu na dawa ya kujipaka havizuii hadithi.

Maneno ya kumwambia bibi

Lugha pia ni sehemu ya usalama. Watoto wengi wa ughaibuni hukielewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza. Kwa bibi asiyejua Kiingereza, mtoto huyo ni kama bubu anapougua. Wiki chache kabla ya safari, afundishwe kutamka: nina kiu, nasikia baridi, kichwa kinaniuma, tumbo linanisokota, nataka kwenda chooni, nimeshiba.

Afundishwe vilevile shikamoo, kupokea kwa mkono wa kulia, na kwamba mama mdogo ni mdogo wake mama. Aelezwe kuwa saa mbili asubuhi ya bibi ndiyo saa nane asubuhi ya shuleni kwake. Na asishtuke bibi akimwita "mume wangu", au babu akimwita mjukuu wa kike "mchumba". Huo ni utani wa wazee na wajukuu, na katika jamii zetu ni alama ya mapenzi. Mtoto asiyeuelewa anaweza kulia. Anayeuelewa hujifunza kujibu, na hapo ndipo udugu unapoota mizizi.

Baada ya kurudi

Safari haiishi siku ya kutua. Dalili za malaria aghalabu huanza kuonekana siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu mwenye vimelea, mara nyingi ndani ya miezi mitatu, na zinaweza kuchelewa hadi mwaka mzima. Kwa mtoto huenda zikawa homa na kutapika tu, au kuhara, na ugonjwa unaweza kuzidi ndani ya saa 24. Daktari wa London au Ohio anayeona homa wakati wa baridi hufikiria mafua kwanza.

Mzazi asisubiri kuulizwa. Atamke tangu mlangoni kwamba mtoto alikuwa Afrika Mashariki, ataje tarehe ya kurudi, na aombe damu ipimwe siku hiyo hiyo, hata kama vidonge vyote vilimezwa bila kukosa.