Machozi ya Mama

Dada yangu mkubwa hushikilia kwamba siku tulipopanda meli Mombasa, mwaka 1971, marehemu mama alilia sana. Mimi namkumbuka kanyamaza, kakumbatia birika. Miaka mingi nilimwita dada mzushi.

Frederic Bartlett wa Cambridge alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1932 jinsi Waingereza waliosoma hadithi ya wenyeji wa asili wa Marekani walivyoigeuza kila walipoisimulia, bila ya kukusudia: mitumbwi ikawa mashua, kuwinda sili kukawa kuvua samaki. Akili hujenga upya kwa yale iliyoyazoea.

Chuoni tulipokosea aya, mwalimu alitusahihisha kwa msahafu. Machozi ya mama hayana msahafu.

Juzi nimempigia simu dada, nikamtaka radhi. Akaniuliza birika lilikuwa la rangi gani. Sikuweza kumjibu.