Kiswahili cha Kolwezi katika Mtandao wa Kijamii: Yanayomkabili Mtumiaji Mpya

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza hali ya lugha inayomkabili mzungumzaji wa Kiswahili anayeingia kwa mara ya kwanza katika mtandao wa kijamii. Mfano unaochukuliwa ni wa Musonoi, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa migodi huko Kolwezi, mji ambao tangu mwaka 2015 ni makao makuu ya jimbo la Lualaba. Mtumiaji huyo amekizungumza Kiswahili tangu utotoni. Hata hivyo, mtandao unapomtaka achague lugha, huenda akapita neno “Kiswahili” na kuchagua Kifaransa. Inafaa kuuliza kwa nini, na chaguo hilo linaigharimu nini lugha yenyewe.

Lugha ya maelekezo

Facebook, mtandao ulioanzishwa mwaka 2004, ulipata toleo la Kiswahili mwaka 2009. Toleo hilo hufuata Kiswahili Sanifu, na historia ya usanifishaji yajulikana. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliteua Kiunguja kuwa msingi, na mwaka 1930 iliundwa kamati ya lugha kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo, iliyokuwa chini ya Ubelgiji, haikuwamo. Kwa hiyo istilahi kama “nywila”, “faragha” na “mipangilio” zimekua mbali na migodi ya Katanga, ambako mambo ya kompyuta yalifika kwa njia ya Kifaransa. Mtu wa Musonoi anayejua vema maana ya “mot de passe” aweza kusimama mbele ya “nywila” kama mgeni. Maoni yake ya kwanza huwa kwamba Kiswahili hicho ni cha watu wengine, au kwamba ni kile “Kiswahili bora” cha mimbarini, kisichotumika katika mazungumzo ya jirani na jirani.

Lugha ya mazungumzo

Hali hubadilika anapofika mahali pa kuandika ujumbe. Hapo hapana mwalimu wala mhariri, naye huandika jinsi anavyosema. Tuchukue sentensi fupi: “Bantu beko mingi apa.” Katika Kiswahili Sanifu ingekuwa: “Watu ni wengi hapa.” Tofauti zake si makosa ya mtu mmoja. Kiambishi cha ngeli ni ba- badala ya wa-. Mzizi wa nomino una nt. “Beko” hufanya kazi ya kitenzi kishirikishi. “Mingi” haibadiliki kulingana na ngeli. Na sauti h ya mwanzo imedondoshwa. Aidha, lahaja hii ina kiambishi tamati -ka, kama katika “alikuwaka”, na ngeli ya udogo ya ka- na tu-: “katoto”, “tutoto”. Sifa kama hizi zilikwisha kuchunguzwa na wanaisimu, miongoni mwao Edgar Polomé na Walter Schicho, katika Kiswahili cha Lubumbashi.

Tatizo lililo wazi zaidi ni la tahajia. Aliyejifunza kuandika kwa Kifaransa anaweza kuandika “mouzouri” pale mwenzake anapoandika “muzuri”. Herufi ch, ambayo katika “chakula” ina sauti moja kwa msomaji wa Dar es Salaam, kwa Kifaransa husomwa sh. Mipaka ya maneno nayo hutegemea sikio la mwandishi.

Jambo hili lina mfano wa zamani. Mwaka 1965 André Yav aliandaa historia ya mji wa Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani. Iliandikwa katika Kiswahili cha huko, pasipo tahajia ya kudumu. Johannes Fabian, ambaye miaka ya 1966 na 1967 alikuwa amefanya utafiti huko Kolwezi, aliichapisha mwaka 1990. Lakini ili ieleweke ilipasa kwanza isomwe kwa sauti na mzungumzaji wa lugha hiyo, Kalundi Mango. Maandishi ya namna hiyo yalikuwa adimu. Leo hutokea kila siku katika simu.

Kinachohatarishwa

Orodha ya kimataifa ya lugha, ISO 639-3, huipa Kiswahili cha Kongo alama yake, swc, na cha pwani swh. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 nayo hukitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Lakini alama na katiba havitoshi. Mtumiaji anapochagua Kifaransa, mtandao humhesabu kuwa msomaji wa Kifaransa; na vyombo vya kutafsiri vilivyofundishwa kwa maandishi ya Kiswahili Sanifu haviwezi kutegemewa mbele ya “beko” na “alikuwaka”. Ujumbe wenyewe waweza kupotea simu inapopotea au akaunti inapofungwa. Lahaja yaweza kuandikwa kwa wingi kuliko wakati wowote uliopita, na bado isiache kumbukumbu.

Hitimisho

Idara za Kiswahili zina kazi mbili hapa. Ya kwanza ni kukusanya maandishi haya kwa idhini ya wenyewe, majina yakiwa yameondolewa, na kuyahifadhi kama yalivyo, bila kuyasahihisha. Sahihisho la haraka hufuta kile hasa kinachotafutwa. Ya pili ni kupendekeza tahajia nyepesi ambayo mtu wa Musonoi na mtu wa Lubumbashi wataweza kuifuata, ingawa shuleni wamezoea kuandika kwa Kifaransa. Wanafunzi wanaotoka Lualaba na Katanga ya Juu wanafaa kuianza kazi hii, kwa kuwa wao hawahitaji kusomewa kwa sauti.