Katuni za zamani zikusanywe vitabuni kabla karatasi haijaisha

Mwaka 1956, katika Kongo ya Wabelgiji, vituko 100 vya familia ya Mbumbulu vilikusanywa vikatolewa kuwa kitabu kimoja. Mbumbulu alikuwa mhusika wa katuni katika Nos Images, jarida la serikali ya kikoloni lililokuwa na maelezo kwa lugha za wenyeji, Kiswahili kikiwemo. Kazi yake ilikuwa kumfundisha Mkongo kuishi kama Mbelgiji alivyotaka aishi. Mkoloni alijua kwamba hadithi ya picha iliyotawanyika katika matoleo ya jarida hupotea na matoleo yenyewe, lakini ikipata jalada lake itakaa kwenye rafu na kurithiwa. Katuni ya propaganda ikapata kitabu, huku katuni ambazo Waafrika wa ukanda huu walizichora wenyewe, kwa ucheshi wao wenyewe, zikiachwa kwa sehemu kubwa katika magazeti yaliyoishia kufungia karanga na maandazi. Mpangilio huo umekaa vibaya, na bado tunao uwezo wa kuurekebisha.

Tazama tulichonacho. Edward Gitau wa Kenya alianza kumchora Juha Kalulu miaka ya 1950, akaendelea naye kwa miongo kadhaa hadi akawa mwenyeji wa Taifa Leo. Mtoto aliyeanza kumfuata Kalulu chini ya mkoloni alimkuta bado yupo gazetini yeye mwenyewe akiwa na wajukuu. Tanzania ilikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. Kisha likaja jarida la Sani la Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, lililotuletea Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe na Pimbi. Ukimsoma mhusika wa namna hii siku moja tu, unapata kichekesho. Ukisoma miaka yake kumi mfululizo, unapata habari za bei ya sukari, foleni ya duka la ushirika, namna mwenye nyumba alivyomsemesha mpangaji, na Kiswahili cha mtaani ambacho hakuna mwandishi wa kamusi aliyekifuata kukiandika. Habari hizo hazimo katika hotuba za viongozi. Ndiyo maana nasema zikusanywe zote, kwa mfuatano wa tarehe, badala ya kuchaguliwa chache zilizochekesha zaidi.

Kwetu Juba, Sudan Kusini, urithi wa jirani zaidi ni wa Kiarabu. Jarida la watoto la al-Sibyan lilianza kutoka Sudan mwaka 1946, wakati Kusini na Kaskazini bado ni nchi moja, na katika kurasa zake alikuwemo Amm Tangu, aliyechorwa na Sharhabil Ahmed. Wengi humjua Sharhabil kama mwanamuziki, mfalme wa jazi ya Sudan. Mwaka 2020 kampuni ya Habibi Funk ya Berlin ilikusanya nyimbo zake za zamani na kuzitoa upya kwa sahani ya santuri, zikapata wasikilizaji wapya mbali na Omdurman. Mkono uliopiga gitaa ndio uliochora Amm Tangu, na michoro inastahili heshima ileile. Tena inahitaji haraka kuliko nyimbo. Vita vilipoanza Khartoum Aprili 2023, mwezi uliofuata maktaba ya Kituo cha Mohamed Omer Bashir katika Chuo Kikuu cha Ahlia, Omdurman, ikateketea. Mohamed Omer Bashir ndiye msomi aliyekuwa katibu wa Mkutano wa Meza ya Duara wa 1965 kuhusu tatizo la Kusini. Kumbukumbu zetu sisi wenyewe, mafaili ya serikali ya Kusini, ziliwahi kukaa miaka kadhaa ndani ya hema hapa Juba. Hatuhitaji mtu wa kutueleza karatasi inavyopotea.

Wapo watakaosema katuni hizo zimechakaa hata kimaadili, na kwamba ziliwadhihaki wanawake na watu wa makabila fulani. Ni kweli, nyingine zinaudhi. Mwaka 1968 vijana wa TANU, chama tawala cha Tanzania wakati huo, walipotangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi jijini Dar es Salaam, wachoraji wa magazeti waliwageuza wasichana wa mjini kuwa kitu cha kuchekwa. Lakini tukizificha katuni hizo, binti wa leo atakosa ushahidi wa namna bibi yake alivyosimangwa hadharani kwa sababu ya nguo. Dawa ni utangulizi wenye maelezo ya kutosha na tarehe chini ya kila katuni. Kufuta ni kuwasaidia waliokosea.

Hoja ya pesa ni nzito zaidi. Sudan Kusini ina upungufu wa vitabu vya shule, na takribani theluthi moja tu ya watu wazima wanajua kusoma. Je, tufikirie katuni? Nadhani hapo ndipo katuni inapohitajika hasa. Hai Mauna, kama mitaa mingine ya Juba, ina familia zilizorudi kutoka Uganda na Kenya, na watu waliokulia katika kambi ya Kakuma, iliyoanza mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vyetu. Wanakijua Kiswahili kwa sikio, lakini wengi hawana cha kusoma kwa Kiswahili hichohicho cha mazungumzo. Picha humwambia msomaji nani kakasirika na nani kadanganywa, kisha maneno machache yaliyomo kwenye puto anayamudu mwenyewe. Nchi iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 ina haki ya kuchekeshwa na Kalulu kama majirani zake. Wachapishaji wa Nairobi na Dar es Salaam wakitoa juzuu nyembamba, za rangi nyeusi na nyeupe, gharama haitakuwa kubwa.

Wengine watasema inatosha kupiga picha kwa simu na kuhifadhi. Kupiga picha ni mwanzo mzuri, lakini Marekani inatuonya. Maktaba za huko zilihamishia magazeti kwenye filamu ndogo nyeusi na nyeupe, kisha zikatupa karatasi, na rangi za katuni zikatoweka. Bill Blackbeard wa San Francisco alizunguka akiyachukua yaliyotupwa, na mwaka 1998 mkusanyo wake, uzito wa karibu tani 75, ukahamia Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio. Yeye hakuwa ofisa wa serikali wala tajiri. Karatasi kama zile alizookoa ndizo wanazoegemea wachapishaji wanapotoa katuni za kale upya. Kinachobaki ni hakimiliki, na hiyo humalizwa kwa mkataba: familia ya mchoraji ipate fungu lake kwanza, gazeti lifuate.

Basi, kama una Sani, Taifa Leo au al-Sibyan ya zamani ndani ya sanduku, usiifungie kitu. Andika tarehe juu ya bahasha, iweke pakavu, mbali na mchwa, na umwambie mwalimu au mkutubi aliye karibu nawe kwamba unayo.