Mpishi wa Safari Aliyechora Nyika kwa Penseli

Mwanafunzi wa Mbumbuni, huko Makueni, akikutwa amechora mbuzi nyuma ya daftari la hesabu, hukaripiwa. Kuchora, aambiwa, si kazi. Kuchonga je? Hilo wazazi hulikubali, kwa kuwa vinyago vya Wakamba vimelipa karo nyingi tangu Mutisya Munge wa Wamunyu alipoanzisha ufundi huo baada ya Vita Vikuu vya Kwanza.

Basi msomaji, hebu umjue Kivuthi Mbuno. Alizaliwa mwaka wa 1947 Mwingi, Kitui, na hakufunzwa uchoraji katika chuo chochote. Alikuwa mpishi wa misafara ya wageni porini. Moto ukishawashwa na sufuria kutengwa, nyika yote ilikuwa mbele ya macho yake.

Alichorea penseli za rangi, wino na krayoni juu ya karatasi, vitu ambavyo mtoto wa shule ya msingi anavijua. Wanyama wake ni warefu kupita kiasi: migongo imenyooshwa, miguu myembamba, macho yametumbuliwa. Watu nao ni wembamba kama mikuki waliyoishika. Mtu wa mjini anaweza kucheka na kusema jamaa hakujua kupima. Alijua sana! Aliishi karibu na wanyama hao kuliko wengi wetu tunaowaona kwenye noti na kalenda. Kwa maoni yangu, alichora ile hofu ya mnyama aliyesikia kijiti kikivunjika.

Twiga wa kinyago cha dukani husimama ametulia, amsubiri mnunuzi. Wa Mbuno yu macho, na binadamu aliye karibu naye yu macho vilevile. Hujui nani anamwinda nani. Wakamba walisifika tangu zamani kwa upinde na mshale, na sioni haja ya kutafuta mwalimu wake Ulaya.

Gallery Watatu ya Nairobi ilionyesha kazi zake, na Jean Pigozzi akazinunua kwa mkusanyo wake wa sanaa ya Afrika, wenye makao Geneva, Uswisi. Huko ni mbali na Mwingi, na mbali zaidi na yule mtoto wa Mbumbuni, ambaye huenda sasa hivi anafuta mbuzi wake kwa raba kabla mwalimu hajafika.