"Hands-off" siyo kutelekeza shamba

Leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Msimu uliopita, kwenye kikao kimoja huku Bunda, nilisema pamba ikiwa changa tuwe "hands-off" na dawa. Basi mzee mmoja akaenda kufanya hivyo kweli. Dawa hakupiga, sawa, lakini pia hakupalilia wala hakuingia shambani. Nilipomtembelea, majani yameizidi pamba na funza wameshatoboa vitumba.

"Mwanangu, si ulisema tusiguse?"

Nilikosa jibu. Ile pamba ndiyo ilikuwa ada ya mjukuu wake.

Neno hili la Kiingereza ni sifa ya mtu au utaratibu usioingilia mambo kila saa. Kinyume chake ni "hands-on". Meneja wa "hands-off" anawaachia watu kazi waifanye, ila hesabu anaziangalia. Hata serikali: miaka ya 1990 iliporuhusu wanunuzi binafsi wa pamba, ilitoa mkono kwenye kununua, lakini kusimamia haikuacha. Bodi ya Pamba ipo mpaka leo. Kwa hiyo mkono unatoka, jicho linabaki.

Shambani iko hivi:

1. Kagua kila wiki. Pita shamba zima, siyo pembeni tu. Geuza majani, fungua vitumba.

2. Ukiona vidukari wachache, pamoja na buibui na wale wadudu wadogo wekundu wenye madoa meusi, weka bomba chini. Hao ni marafiki, wanakula waharibifu. Dawa ya mapema inawaua, halafu waharibifu wanarudi kwa nguvu.

3. Funza wakiongezeka, usingoje. Muone afisa ugani wako mpige dawa sahihi kwa kipimo.

Palizi, kupunguza miche, na kung'oa na kuchoma masalia baada ya mavuno havina "hands-off". Masalia yakibaki yanafuga wadudu wa msimu ujao.

Wenye mihogo nanyi msijidanganye kwamba zao lenu linajilea. Tumia mbegu safi, palilia miezi 3 ya mwanzo, ng'oa mche wenye batobato. Hapo ndipo unaweza kuuacha ukue.

Yule mzee nilimwomba radhi. Msimu huu kila Jumamosi tunakagua shamba lake pamoja, na mpaka sasa bomba bado liko stoo.